Insha ya utambulisho imekwama darasani? Anzia kwenye dalili

Unaingia darasani na insha nzuri ya kushawishi. Inamhusu mtu aliyefungiwa mlango kwa sababu ya kabila lake, rangi yake, ulemavu wake, dini yake, au mahali alikotoka babu yake. Wanafunzi wanaisoma, wanaguswa, wawili watatu wanaguna. Kisha unakusanya madaftari, na ndani yake uchambuzi hakuna. Nimekusanya madaftari ya namna hiyo kwa miaka mingi, na makosa yake sasa nayajua kwa sura. Nitayataja moja moja, nikianza na kile utakachokisikia au kukisoma, ndipo niseme kinachokisababisha na dawa iliyonisaidia mimi.

Ili tusiongee hewani, natumia aya niliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya Kidato cha Tatu, huku Pwani ya Kenya, ambako suala la kitambulisho linaliwa na kunywewa:

"Msichana mmoja alitimiza miaka 18 mwezi wa Machi. Wenzake walikwenda kwa chifu asubuhi, adhuhuri wakarudi na karatasi za kusubiria vitambulisho. Yeye aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Babu alikufa bila cheti. Alichoacha ni kipande cha enzi za shamba la mkonge. Wapo wanaosema usalama wa nchi unadai tahadhari, na ni kweli kwamba mpaka hauachwi wazi kama mlango wa duka. Lakini eti binti aliyezaliwa hospitali ya serikali, akasoma shule ya serikali, akaimba wimbo wa taifa kila Jumatatu na Ijumaa, ndiye wa kupigwa msasa mara tatu? Kabla hatujamwambia athibitishe, tujiulize: sisi tulithibitisha lini?"

Dalili: "Insha hii inahusu msichana ambaye…"

Mwanafunzi anasimulia upya. Ukimwambia achambue, anasimulia kwa maneno mengine. Usimwite mvivu. Tangu shule ya msingi amefunzwa ufupisho na akasifiwa kwa ufupisho, na aya yenyewe inaanza kama hadithi. Anafanya kile anachokijua.

Mpe sentensi moja ya kukamilisha: "Mwandishi anataka fulani afanye jambo fulani." Asipoweza kuikamilisha, msiendelee. Darasa langu huandika karibu kwa sauti moja: "Mwandishi anataka msichana apewe kitambulisho." Hapo nawauliza: apewe na nani? Na chifu. Haya, chifu yumo humu ndani anasoma? Hayumo. Sasa mwandishi anaongea na nani? Wanarudi kwenye maandishi, na kidole kinatua kwenye neno la mwisho mwisho: "sisi". Anaongea na wale waliokwenda asubuhi wakarudi adhuhuri. Anataka watu ambao hawakusumbuliwa waone aibu kidogo kwamba hawakusumbuliwa, kisha waache kuuona usumbufu wa mwenzao kuwa ni utaratibu wa kawaida tu.

Hili la mlengwa ndilo naliona kuwa kiini cha shughuli nzima. Insha nyingi za vikwazo vya kijamii haziandikiwi aliyezuiwa, maana yeye anajua tayari. Zinaandikiwa aliyepita mlangoni bila kugundua kwamba palikuwa na mlango. Mwanafunzi akishalishika hilo, nusu ya dalili zinazofuata hupungua zenyewe.

Zoezi dogo: wapige mstari wa penseli juu ya sentensi zote za hadithi, wasome kilichobaki. Kinabaki kitu kikavu, hoja na swali. Kisha wazirudishe, waandike ni kazi gani hadithi imefanya ambayo hoja peke yake isingeiweza.

Dalili: "Mwandishi ametumia tashbihi, takriri, balagha na nahau"

Orodha. Hakuna mwalimu wa Kiswahili asiyeijua orodha hii. Inatokana na sisi wenyewe: swali la "taja mbinu za lugha na utoe mifano" limewafanya waokote tamathali kama mtu anayeokota kombe ufukweni, anajaza kikapu bila kujua atazipika au atazitupa.

Dawa ya kuwaambia "eleza umuhimu wake" haifanyi kazi. Watakuandikia "inaipamba lugha" na "inamvutia msomaji", na majibu hayo yanafaa insha yoyote duniani. Mimi nimepiga marufuku maneno hayo mawili darasani kwangu. Anayeyaandika anatoa kalamu moja kwa kasha la darasa, nalo kasha limejaa.

Chukua tamathali moja tu, mkae nayo kipindi kizima. Katika aya yetu chukueni "kupigwa msasa", yaani kuchunguzwa kwa makini. Redio na magazeti ya Kenya yanaitumia kila wiki: mawaziri wateule wanapigwa msasa bungeni, makamishna wanapigwa msasa. Tumeizoea hadi hatuioni. Waulize: msasa ni nini? Mtoto wa seremala atakwambia ni karatasi ya kulainishia mbao. Aliyeshika msasa ni nani? Ofisi. Mbao ni nani? Binti. Mbao inasema kitu? Haisemi. Mbao ikipigwa msasa mara tatu inakuwaje? "Inaisha, mwalimu." Siku mvulana mmoja wa dawati la nyuma aliponipa jibu hilo, sikuongeza neno. Mwandishi ameitwaa nahau ambayo wakubwa huitumia kwa wakubwa, akaitia namba, mara tatu, na ghafla unasikia ngozi ikikwaruzwa.

Kuna pia kitu ambacho orodha ya tamathali haikioni kabisa: sarufi. "Aliambiwa alete cheti." Aliambiwa na nani? Kauli ya kutendwa imemficha mtendaji. Wakati mwingine mwandishi anamficha kwa uoga, wakati mwingine kwa ufundi, kwa kuwa mtu aliyezuiwa mara nyingi hajui hasa ni nani aliyemzuia. Anajua dirisha tu, na sauti nyuma ya dirisha. Waombe wabadilishe iwe "Karani alimwambia alete cheti", walinganishe. Wengine husema ya pili ina nguvu kwa sababu kuna wa kulaumiwa. Wengine husema imepungua, sasa kosa limekuwa la karani mmoja. Waache wabishane, hapo wamekwisha kuingia kwenye uchambuzi bila kujua.

Dalili: "Mwandishi anasema usalama wa nchi unadai tahadhari, kwa hivyo anapinga vitambulisho"

Kosa hili hunipa kazi kuliko yote, na linawapata hata wanafunzi wazuri. Mwandishi ametaja hoja ya mpinzani ili aijibu, na mwanafunzi amembambikia hoja hiyo mwandishi mwenyewe. Utaulizwa, "Mwalimu, kwani huyu anatetea ama anapinga?"

Chanzo ni kwamba mwanafunzi anasoma sentensi kwa sentensi, na kila sentensi anaichukua kuwa kauli ya mwenye insha. Hajafundishwa kusikiliza sauti. Kiswahili kina vidokezi vya wazi vya kubadilisha sauti, ila tunavifundisha kama viunganishi na vihisishi tu, kisha tunavisahau.

Kile nikipendacho ni "eti". Neno la herufi tatu, nalo linaweza kuibeba insha nzima. Ukisema "binti huyu ndiye wa kupigwa msasa", umetoa taarifa. Ukisema "eti binti huyu ndiye wa kupigwa msasa", umekwisha kujitenga na maneno hayo, umeyashika kwa ncha za vidole kama kitambaa kichafu. Wanafunzi wanalijua hilo tangu utotoni. Mama akisema "eti umeumwa na tumbo", hakuna mtoto anayedhani ameaminiwa. Kazi yako ni kuwaonyesha kwamba maarifa wanayotumia jikoni yanafaa pia kwenye karatasi ya ufahamu.

Kisha vitenzi vya kuripoti. "Alieleza" na "alisema" havina makali. "Alidai" kinatia shaka. "Alikiri" kinaonyesha kwamba alikuwa anaficha. "Alisisitiza" huenda kikawa sifa au kejeli. Nawapa sentensi moja, "Ofisa ___ kwamba utaratibu ni uleule kwa kila mtu", wanajaza vitenzi vinne, na kila mara wanasema msimamo wa mwandishi umesogea wapi.

Halafu kuna "ni kweli… lakini". Hapa nawapa kalamu mbili za rangi. Bluu ni sauti ya mwandishi, nyekundu ni sauti aliyoiazima. "Wapo wanaosema usalama wa nchi unadai tahadhari" ni nyekundu. "Ni kweli kwamba mpaka hauachwi wazi" ni ya nani? Darasa hugawanyika. Jibu langu: ni bluu, na ndiyo sentensi ya ujanja kuliko zote katika aya ile. Mwandishi amekubali kitu cha kweli kwa mpinzani ili mpinzani asiache kusoma. Asingekubali, msomaji anayeogopa mpaka ulio wazi angeifunga insha hapo hapo.

Ukibanwa na muda na ukaweza kutibu dalili moja tu kwenye makala haya, tibu hii.

Dalili: "Kipande ni kitu kidogo, maana yake msichana ni maskini"

Niliisoma sentensi hiyo nikacheka, kisha nikajilaumu. Mwanafunzi alifanya kila kitu sawa: aliona neno, akalitafutia maana, akalihusisha na mada. Alikosa historia tu, na historia hiyo sikuwa nimempa.

Kipande kilikuwa hati ya usajili ya mwanamume Mwafrika katika Kenya ya ukoloni. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 ikatekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kilikuwa na alama za vidole na maelezo ya kazi na waajiri, na mwenye nacho alikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Mzungu hakuvaa. Kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyompa mpinga ukoloni Harry Thuku wafuasi kabla hajakamatwa Machi 1922, na kiliondolewa mwaka 1947. Wazee wengine hadi leo kitambulisho wanakiita kipande. Kwa hiyo babu wa kwenye aya alitambuliwa vya kutosha na serikali ilipotaka jasho lake, na mjukuu hatambuliwi alipotaka haki yake. Mwandishi hakuyasema hayo, ameliachia neno moja lifanye kazi hiyo.

Kabla ya kusoma insha yoyote ya namna hii, tenga dakika 10 za usuli, zisizidi. Zikizidi umegeuka mwalimu wa historia, na wanafunzi wataandika ya historia badala ya ya kwenye matini. Huku kwetu nawaeleza kuhusu Wamakonde: asili yao Msumbiji, wakaja wakati wa ukoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa na kuzika hapa miongo kadhaa bila uraia. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi, wakapokewa Ikulu, na mwanzoni mwa 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Pwani walifuata mwaka 2023.

Dalili: darasa limenyamaza

Hakuna anayeinua mkono. Anayejibu anajibu kwa neno moja. Mwalimu mgeni atadhani matini ni ngumu.

Kimya kina vyanzo zaidi ya kimoja, na ukikosea chanzo utaharibu. Huenda hawajaelewa msamiati, na hilo litajulikana kwa dakika mbili. Huenda wanaogopa siasa. Au ndani ya chumba hicho yumo mtu ambaye insha inamhusu, na wenzake wanajua.

Hapa nina kosa la kusimulia, tena si la mwanafunzi. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha, katika shule ambayo sitaitaja, nilidhani ni ubunifu kuwaambia kila mmoja asimame aeleze kikwazo alichowahi kukutana nacho kwa sababu ya alivyo. Wa kwanza alisema amechekwa kwa lafudhi yake. Wa pili alisema ni mfupi, tukacheka. Wa tatu alikuwa msichana mkimya. Alisimama, akaangalia dawati, akasema, "Mimi sina, mwalimu," akaketi. Baadaye nilikuja kujua kwamba mama yake hakuwa na kitambulisho, na jambo hilo nyumbani halikutajwa mbele ya wageni. Nilikuwa nimemtaka mtoto achague kati ya kudanganya na kujianika. Insha ile hakuigusa tena muhula mzima.

Tangu siku hiyo sisemi "wewe je?" Swali langu ni "mwandishi je?" Nikijua darasani kuna watoto wa Kimakonde, mfano naupeleka mbali: natumia Wanubi wa Kibera, Nairobi, wazao wa askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la Mwingereza, waliosumbuliwa kwa msasa huohuo wa vitambulisho na kusubiri hati ya ardhi yao hadi 2017. Ningekuwa nafundisha Kibera, ningetumia Kwale. Umbali kidogo humpa mwanafunzi nafasi ya kufikiri. Akitaka kujileta mwenyewe kwenye mfano, atajileta kwa hiari, mara nyingi kwa maandishi, na mara nyingi baada ya kengele. Ukipata karatasi ya namna hiyo, usiisome mbele ya darasa hata kama ndiyo bora.

Jihadhari pia na kicheko. Neno "Mmakonde" au "mtu wa bara" likitajwa na safu moja ikacheka, usilipite kwa kukemea tu. Andika neno ubaoni, uliza ni nani hulitumia, kwa nani, na lini. Limekuwa matini.

Dalili: kila kitu ni "ubaguzi"

Neno kubwa moja linafunika yote. Ukabila, unyanyapaa, dhuluma, umaskini, vyote vinaingia kwenye gunia hilo, na mwanafunzi haoni tena hoja ya mwandishi imeelekezwa wapi.

Muulize kikwazo kimekaa wapi: kwenye sheria, kwenye utaratibu wa ofisi, au vichwani mwa watu? Wamakonde ni mfano mzuri kwa sababu jibu linashangaza. Katiba ya 2010, ibara ya 27, inakataza ubaguzi, na ibara ya 12 inampa raia haki ya hati za usajili. Sheria ya uraia ya 2011 ilifungua mlango kwa watu wasio na nchi waliokuwa wakiishi Kenya tangu 12 Desemba 1963, ikaweka muda wa miaka 5 wa kuomba. Yote hayo yalikuwa yameandikwa, na bado 2016 watu walitembea barabarani na watoto wao. Insha inayolalamikia sheria na insha inayolalamikia dirisha la ofisi ni insha mbili tofauti, zinahitaji ushahidi tofauti, na zinamtaka mtu tofauti achukue hatua. Aya yetu ni ya dirisha. Mwanafunzi aliyeandika "mwandishi anataka katiba ibadilishwe" alikuwa hajasoma, alikuwa anakisia.

Dalili: "Nakubaliana na mwandishi kwa asilimia mia"

Anaguswa, kwa hiyo anadhani insha imejengwa vizuri. Ndugu wa kosa hili ni yule asiyekubaliana na mada, anayeandika kwamba insha ni mbaya. Wote wawili wamepima moyo wao, insha hawajaipima.

Namwambia anayekubali aishambulie insha, na anayepinga aitetee, dakika 15, kwa kutumia maneno yaliyomo kwenye aya tu. Mwanzoni wanaona kama unawasaliti. Kisha mambo yanaanza kutoka. Mmoja ataona kwamba msichana ni mmoja tu, na mwandishi hakutuambia wako wangapi. Mwingine ataona kwamba "mara tatu" haikuelezwa: mara ya kwanza tumeiona kwa chifu, zile mbili ziko wapi?

Na mwaka juzi msichana mmoja aliinua mkono akauliza kuhusu wimbo wa taifa. Akasema hata mtoto wa balozi akisoma shule yetu atauimba Jumatatu na Ijumaa, na hatakuwa Mkenya kwa hilo. Kuimba kunagusa moyo, akasema, lakini hakuthibitishi kitu, na mwandishi amekuchomeka katikati ya mambo ili tusikuone. Nilimwuliza kama angekitoa kipengele hicho. Alifikiri, akasema hapana, angekiacha, ila angekitanguliza, kabla ya hospitali na shule, ili ushahidi wenye nguvu uje mwisho.

Sentensi hiyo nimeiacha kwenye aya kama ilivyo. Kila mwaka nangoja nione ni nani ataishika.